Ng'ombe mmoja au mbuzi watatu? Anza kwa kuhesabu mizigo ya majani

Kaka yangu anastaafu Desemba. Yeye na wifi wanarudi kihambani, shamba la nyumbani la Kichaga, baada ya miaka thelathini ya Dar es Salaam, na fedha za kuanzia ufugaji wameshazitenga. Wananiuliza swali ambalo watu wengi huku Kilimanjaro wameniuliza: tununue ng'ombe mmoja wa maziwa au tuanze na mbuzi watatu? Kihamba chao ni kama nusu eka. Migomba imezeeka, kahawa imebaki mistari michache, na wifi anataka sehemu ya chini, karibu na mfongo, mfereji wetu wa maji, iwe bustani ya mboga.

Nimefuga wote wawili, ng'ombe kwa miaka kumi na minne na mbuzi wa maziwa kwa miaka saba. Nawalinganisha hapa kama nilivyowaona bandani. Niseme mapema kwamba mimi siwapimi kwa lita. Kila mtu huanza na lita. Mimi nauliza hivi: ikifika Februari jua limekausha kila kitu, nani atabeba majani, na atayatoa wapi?

Majani, na shingo itakayoyabeba

Ng'ombe chotara wa Friesian au Ayrshire mwenye kilo 400 hivi anamaliza kilo 50 hadi 70 za majani mabichi kwa siku. Mzigo wa kichwani ambao mwanamke mwenye nguvu zake anaweza kupanda nao mlima ni kilo 25, akijikaza sana 30. Kwa hiyo ng'ombe mmoja ni mizigo miwili hadi mitatu kila siku, Jumapili, Krismasi, hata siku ya msiba. Mbuzi wa maziwa wa kilo 45 anatosheka na kilo 6 hadi 8. Watatu kwa pamoja ni mzigo mmoja, na sehemu ya mzigo huo unaipata bila kutoka nyumbani: matawi ya miti ya malisho ya mpakani, lusina na kaliandra, majani ya chini ya sukuma wiki, magugu uliyong'oa kwenye matuta, maganda ya ndizi.

Masika tofauti hiyo haionekani. Mwezi wa tano mabingobingo, majani marefu ya malisho, yanakua kuliko unavyoweza kuyakata, ng'ombe anashiba, ndoo inajaa, na ndiyo miezi ambayo watu huvutiwa kununua mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Kisha inaingia Januari. Majani ya kihambani yanakwisha na watu wanateremka tambarare kuyatafuta. Mama yangu alikuwa akiondoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tano na mzigo wake. Anakula kiporo, halafu anaingia shambani. Alifanya hivyo utoto wangu wote. Ng'ombe tulimwita wa baba, lakini majani yalikuwa ya mama. Baba alikuwa mtu mwema na aliishi kama wenzake walivyoishi. Ila shingo ya mama inamuuma mpaka leo, na mpaka leo kuna nyumba zinazonunua ng'ombe bila kumuuliza atakayemlisha. Jambo hili linaniumiza, na ndiyo sababu nimelitanguliza.

Unaweza kusema utapanda malisho yako mwenyewe. Sawa. Ng'ombe mmoja anataka karibu nusu eka ya mabingobingo pale penye maji na samadi, na zaidi ya hapo pasipo na maji. Nusu eka ndiyo kihamba chote cha kaka. Migomba iende wapi? Mbuzi watatu wanaridhika na kingo za matuta, mstari wa majani ya guatemala kandokando ya mfongo, na miti ya malisho iliyochanganywa na masale ya mpakani. Guatemala hukua polepole kuliko mabingobingo, lakini kiangazi hubaki na ukijani wenzake wakishanyauka.

Kama umeamua ng'ombe, basi nunua mabua mapema. Mahindi ya tambarare yakishavunwa, shirikianeni majirani watatu au wanne kukodi gari, mjaze mabua na kuyapanga juu ya dari ya banda yasinyeshewe. Yakatekate vipande vifupi, uyanyunyizie maji yenye molasi na chumvi kidogo, uchanganye na shina la mgomba lililokatwakatwa. Shina la mgomba peke yake ni maji matupu. Ng'ombe atalila, tumbo litajaa, na maziwa yatashuka.

Tena jambo ambalo wageni wa ufugaji hawaambiwi: majani ya mparachichi usimpe mnyama yeyote kati ya hawa, na mbuzi hasa. Yanaharibu kiwele, yanakata maziwa, na yakizidi yanagusa moyo. Vihamba vyetu vimejaa miparachichi, na matawi yake yakipogolewa huonekana malisho ya bure.

Maji

Ng'ombe anayekamuliwa anakunywa lita 60 hadi 80 kwa siku, joto likizidi hata zaidi. Mbuzi ni lita 5 hadi 8. Aliye na bomba uani asome na kupita. Anayeteka kwa ndoo ya lita 20 ameshapata jibu lake, asihangaike na sehemu zinazofuata.

Maziwa

Hapa ng'ombe anashinda, na sina haja ya kumpunguzia. Chotara aliyetunzwa vizuri na mtu wa kawaida anatoa lita 8 hadi 12 kwa siku miezi ya mwanzo baada ya kuzaa. Mbuzi mzuri, chotara wa Toggenburg, wa Saanen au wa mbuzi wa Norwe waliofikishwa Mgeta kule Uluguru miaka ya 1980, anatoa lita moja na nusu hadi mbili na nusu. Mbuzi watatu hawawezi kumfikia ng'ombe.

Lakini angalia mwaka mzima, usiangalie mwezi mmoja. Ndama anataka kama lita 4 kwa siku katika miezi yake miwili mitatu ya kwanza, na hizo zinatoka kwenye ndoo hiyo hiyo. Ng'ombe anabeba mimba miezi tisa na lazima akaushwe, yaani aachwe kukamuliwa, siku 60 kabla ya kuzaa, wala usimwonee huruma mteja wako ukapunguza siku hizo. Siku hizo chai ni ya rangi. Na asiposhika mimba kwa wakati, anakamuliwa mpaka lita zinabaki mbili, unamlisha vilevile, unangoja.

Kutoshika mimba ndiko kunakowasumbua wenye ng'ombe mmoja. Ng'ombe akiwa kwenye joto, yaani tayari kupandwa, huwapanda wenzake, naye husimama atulie akipandwa. Huyu wa kwako yuko peke yake bandani, atampanda nani? Dalili zinabaki kulia, ute mwangavu na kukataa chakula. Zinadumu saa 12 hadi 18 tu, mara nyingi usiku. Ukimwona asubuhi, apandishwe jioni. Ukimwona jioni, apandishwe asubuhi inayofuata. Ukimkosa umepoteza siku 21. Mhimilishaji, mtaalamu wa kupandisha kwa mbegu bila dume, anakuja na pikipiki na mtungi wake, mbegu nyingi zikiwa zimetoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji pale Usa River. Huduma hiyo ni nzuri, ila simu yako lazima itoke saa inayotakiwa. Niliwahi kupoteza miezi minne namna hii kwa sababu nilikuwa nalala.

Mbuzi hakufichi. Akiwa kwenye joto analia mtaa mzima usikie, anatikisa mkia, na joto lake linaendelea siku moja hadi mbili. Unamfunga kamba na kumpeleka kwa mwenye beberu. Mimba ni miezi mitano na mara nyingi anazaa mapacha. Ukiwapandisha watatu kwa kupishana miezi, nyumba haikosi maziwa ya chai mwaka mzima, hata yakiwa lita mbili. Kwa wazee wawili na wajukuu wa likizo, lita mbili za kila siku zina thamani kuliko lita kumi za miezi sita zinazofuatwa na ukame.

Kuna wanaosema maziwa ya mbuzi yananuka. Yananuka kama beberu analala karibu na majike, au chombo hakikuoshwa. Beberu akae mbali, mkamuaji aoshe kiwele na mikono, na mgeni hatajua amekunywa nini. Maziwa ya mbuzi na ya ng'ombe yote yachemshwe, maana ugonjwa wa kutupa mimba unapita kwenye maziwa mabichi mpaka kwa binadamu. Na mtoto mchanga asipewe maziwa ya mbuzi badala ya maziwa ya mama, hata bibi akisema yana nguvu.

Siku mbaya

Ng'ombe wangu wa kwanza alikufa kwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Hakuwahi kutoka bandani. Kupe walimfuata ndani ya mzigo wa majani tuliokata tambarare, mahali ng'ombe wa watu wanapochungwa. Tezi za chini ya sikio zilivimba, homa ikapanda, nikadhani amekula kitu kibaya nikamnywesha mitishamba siku mbili. Siku ya tatu alikohoa, povu likatoka puani. Dawa ya ndigana ipo na inafanya kazi ikiwahi, mimi ndiye niliyechelewa. Jioni moja nikabaki na banda tupu, ndama wa wiki sita na mkopo wa kikundi.

Kwa hiyo anayemchagua ng'ombe aombe kwa afisa mifugo chanjo ya ndigana kali kama inapatikana kwenye eneo lake, amwogeshe kwa ratiba, na akague masikio kwa vidole kila anapokamua. Majani ya kutoka machungani yaanikwe kwanza juani, yakung'utwe, ndipo yaingie kwenye kihori. Ndigana baridi na mkojo mwekundu navyo vinakuja na kupe, kwa hiyo kazi hiyo moja inakukinga na mengi.

Mbuzi hasumbuliwi na ndigana kali, lakini usidhani ni mnyama wa chuma. Adui zake ni minyoo, unyevu na upepo. Mbuzi anayelala kwenye tope anaoza kwato na kukohoa. Ndiyo maana banda lake linajengwa juu, sakafu ya mbao au fito zenye nafasi ndogo, kama sentimeta moja na nusu, ili kinyesi kipite na kwato zisipite. Ukuta wa upande wa upepo uzibwe. Homa ya mapafu na sotoka ya mbuzi zikiingia zinaweza kufagia wote watatu, na mara nyingi zinaletwa na mbuzi mgeni aliyenunuliwa mnadani. Mgeni akae peke yake wiki mbili au tatu. Nunua kwa mfugaji unayeweza kuliona banda lake na kumwona mama wa mbuzi akikamuliwa.

Tofauti ninayoiona ni hii: mbuzi mmoja akifa unalia, wawili wanabaki wanakamuliwa. Ng'ombe akifa umerudi mwanzo. Na bei ya mtamba mmoja mwenye mimba inanunua mbuzi wa maziwa watano au sita, kwa hiyo hata huo mwanzo uko mbali.

Samadi, na bustani ya wifi

Hapa ndipo ninapochelewa kutoa hukumu, kwa sababu wengi huangalia maziwa tu na kusahau kwamba kihamba kimeishi miaka mingi kwa samadi. Wazee wetu hawakufuga ng'ombe ndani kwa ajili ya maziwa peke yake. Mgomba ulisimama kwa sababu ya banda.

Ng'ombe mmoja anatoa kilo 15 hadi 20 za kinyesi kibichi kwa siku. Ukichanganya na mabaki ya majani aliyoyakanyaga, kwa mwaka una lundo la kutosha kurudisha uhai kwenye migomba iliyochoka. Migomba ya kaka imechoka kweli: mikungu ni mifupi, na upepo kidogo tu unaiangusha. Kila shina likipata debe moja au mawili ya samadi iliyooza kwa mwaka, mtu ataona tofauti kwenye mkungu wa pili. Mbuzi watatu hawawezi kulisha nusu eka ya migomba. Huo ni ukweli na nimemwambia kaka.

Lakini samadi ya ng'ombe ni mbichi, nzito na inateleza. Inabebwa kwa ndoo au toroli, na kwenye mteremko toroli halisaidii. Ya mbuzi ni punje kavu. Inadondoka chini ya chanja, unaizoa mara moja kwa wiki, unaitia kwenye gunia, na mtu wa miaka sitini anaibeba mpaka kwenye tuta bila kupumzika. Kilo kwa kilo ina nguvu kuliko ya ng'ombe, na kwa matuta kumi ya mchicha, mnavu, figiri na sukuma wiki mbuzi watatu wanatosha na kubaki. Usiitie ikiwa mbichi. Ifunike kwa majani ya migomba miezi miwili au mitatu, uigeuze mara mbili, iwe nyeusi na isiwe na harufu. Mchicha uliopandwa kwenye tuta la namna hiyo unachumwa baada ya wiki tatu au nne.

Hatari ya mbuzi kwa bustani ni moja nayo ni kubwa: akitoka. Ng'ombe akitoka anakanyaga tuta moja na kusimama. Mbuzi anatembea na kuonja, ncha kwa ncha, na kabla hujamaliza kuvaa viatu mnavu wote umebaki vijiti. Komeo la banda liwe nje na liwe la kuingiza chini, maana wanajifunza kulisukuma kwa midomo.

Kwa wanaotamani kupikia gesi ya samadi, ng'ombe mmoja hatoshi vizuri. Wafikirie wawili, na ukifika hapo hatuzungumzii tena nusu eka.

Fedha, na ni za nani

Ng'ombe anakupa fedha za kila siku kama kuna mahali pa kuyapeleka maziwa. Wanawake wa Nronga kule Machame walianzisha ushirika wao wa maziwa miaka ya 1980, na vituo vya aina hiyo ndivyo vilivyofanya maziwa ya jioni yasimwagike. Uliza kwanza: kituo kiko umbali gani, kinapokea saa ngapi, kinalipa baada ya siku ngapi? Toa pumba, mashudu, madini, dawa na vibarua wa majani, ndipo uhesabu kilichobaki. Ukiwa na kibarua wa kudumu kwa ajili ya ng'ombe mmoja, mara nyingi mnayegawana maziwa ni wewe na yeye.

Mbuzi fedha zake zinakuja kwa mafungu. Maziwa ni ya nyumbani na ya jirani wawili. Fedha yenyewe ni madume. Ndugu zetu wanaporudi nyumbani Desemba, kila ukoo unatafuta mbuzi, na harusi za mwezi huo zinataka ndafu. Dume aliyehasiwa mapema na kulishwa vizuri anauzwa wakati huo kwa bei ambayo Machi huwezi kuipata. Ndama dume wa maziwa, kwa upande wake, watu wengi humuuza akiwa mdogo kwa bei ya kusikitisha, kwa sababu kumlisha hakulipi.

Kuna pia njia ya kopa ng'ombe, lipa ng'ombe: unapewa mtamba, na ndama jike wa kwanza unamkabidhi mwenzako. Inamwezesha asiye na mtaji. Masharti yake ya banda na malisho kabla ya kukabidhiwa ndiyo ninayoyapenda zaidi, na hata anayenunua kwa fedha yake angejiwekea hayo hayo. Vikundi vya mbuzi hufanya vivyo hivyo, na pia hubadilishana mabeberu ili dume asije akapanda binti zake.

Ningechaguaje

Nyumba yenye watu wazima watatu au wanne wenye nguvu, shamba la tambarare linalotoa mabua, maji uani, na kituo cha maziwa cha kutembea nusu saa: ningechukua ng'ombe, na migomba ingenishukuru. Mtu anayeishi peke yake, mama mwenye watoto wadogo, mwajiriwa anayerudi saa kumi na mbili jioni: mbuzi, na wawili watoshe mwaka wa kwanza. Mwenye nusu eka isiyo na mahali pengine pa kukata majani asinunue ng'ombe hata akipewa kwa nusu bei.

Kaka na wifi wana nguvu zao lakini wana miaka sitini na hamsini na saba. Nimewashauri waanze na mbuzi watatu, wapande guatemala na kaliandra masika ya kwanza, na samadi ya migomba wakubaliane na jirani mwenye ng'ombe: wao wampe mashina na majani ya migomba, yeye awape samadi. Baada ya kiangazi cha pili, kama malisho yatakuwa yamebaki, wazungumze habari ya mtamba. Kaka hakufurahi. Alikuwa ameshamchagulia ng'ombe jina. Nikamwomba afanye jambo moja tu: Februari aje likizo, ateremke tambarare asubuhi moja na mundu, apande na mzigo mpaka nyumbani. Alikuja. Alipumzika mara nne njiani.

Jana wifi amepiga simu. Fundi yupo, mbao zimefika, anauliza sakafu ya banda la mbuzi iinuliwe kiasi gani. Vitabu vinasema nusu mita hadi mita moja. Nimemwambia asimame pale fundi alipo, apimiwe usawa wa kiuno chake, ili akizoa samadi asiiname.